Upande Ulioelekea Ukutani

Mama muuza mkaa, jirani yao, ndiye aliyeieneza hadithi ile. Alisema Winchi alianguka kutoka ghorofa ya tatu na mfuko wa saruji begani, akatua kwa miguu miwili kama paka, akajikung'uta vumbi, akacheka, kisha ndipo miguu ikamkatikia. Aliisimulia bombani. Aliisimulia kwa wateja huku akiwapimia mkaa kwa kopo, na kila akisimulia aliongeza kitu: mara ubao ulivunjika, mara kamba ilikatika, mara mfuko ukawa miwili. "Nimeambiwa na aliyeona kwa macho yake," alisema, na aliyebisha alipimiwa chenga tupu.

Winchi hakuanguka. Siku ya kwanza alipoumia aliinama tu kuokota mwiko. Alikuwa amebeba saruji miaka kumi na minne, na jina lenyewe alilipata siku winchi ya mkandarasi ilipokufa, yeye akapandisha matofali kwa mabega mpaka jioni. Miaka yote hiyo mgongo ulikaa kimya. Siku hiyo ukasema kwa ajili ya mwiko ambao hata mtoto anauchezea. Alibaki ameinama vile vile, mkono chini, kama mtu aliyeona sarafu, na wenzake wakacheka kwanza, maana Winchi alikuwa mtu wa mizaha. Walipoona jasho linamdondoka puani wakanyamaza. Wakamlaza kwenye toroli, wakamsukuma mpaka kwake, mtaa mzima ukitazama miguu yake inavyoning'inia, na zege lililokaukia ndani ya toroli likimchoma mgongo ule ule.

Mkewe alikuwa mlangoni na cherehani yake, anatia kiraka suruali ya mtu. Akaitazama toroli, akawatazama wanaume wawili walioishika.

"Mmeniletea mume au mchanga?" aliuliza.

"Mume, shemeji. Ila mshushe taratibu."

Mke aliuliza vile ili asilie. Usiku ule aliifumua suruali ya mteja mara mbili, maana kiraka alikuwa amekishona upande wa nje.

*

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha mazoezi ya viungo, chenye kitanda, mpira mkubwa na ndoo. Mtaalamu alikuwa binti mwembamba aliyevaa raba. Winchi alitarajia sindano. Alipoambiwa ainyanyue ndoo, alimgeukia mkewe.

"Mfuko wa kilo hamsini naupandisha ngazi, huyu ananifundisha ndoo."

"Inyanyue basi, baba," alisema binti.

Akainama kama anavyoinama siku zote, miguu imenyooka, na njiani maumivu yakamkamata akaachia mpini. Binti hakucheka. Alichuchumaa mwenyewe mbele yake, akaisogeza ndoo karibu na tumbo, akainuka nayo.

"Unaniambia wanakuita Winchi. Sawa. Lakini mgongo si winchi, mgongo ni kamba. Winchi ni mapaja. Na ukishabeba, usisokote kiuno kama nguo inayokamuliwa. Geuza nyayo, mwili wote ufuate. Siku hizo za kusokota zinajikusanya moja moja, baba. Ule mwiko ulikuwa wa mwisho tu."

Mkewe aliyashika yote. Hakuwa amesoma sana, ila alichoonyeshwa mara moja kwa mikono hakikumtoka, kwa hiyo alimwomba binti arudie lile zoezi la kulala kifudifudi na kujisukuma juu kwa viganja, akahesabu kimoyomoyo. Kisha akaambiwa akapange foleni dirisha la dawa kabla halijafungwa. Akaenda.

Ndipo binti akachukua karatasi ya mazoezi, yenye picha za mtu asiye na uso anayejinyoosha, akaigeuza na kuandika nyuma kwa kalamu.

"Hapa nyuma nimeandika dalili za hatari. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi mgongoni, usiogope, ndiyo kupona huko. Ila mgongo ukiacha kuuma ghafla na mguu ukafa ganzi, si kupona. Na ukisikia ganzi hapa unapokalia, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka wenyewe, usingoje kesho. Siku hiyo hiyo uje. Umenielewa, baba?"

Winchi alikuwa anatazama pazia. Neno lile la mkojo kutoka kinywani mwa binti wa rika la mdogo wake wa mwisho lilimpandisha joto masikioni.

"Ndiyo, ndiyo."

"Na mama umwambie."

"Nitamwambia."

Njiani mkewe aliuliza, "Alisema nini tena nilipotoka?"

"Kasema nijinyooshe," alijibu Winchi.

*

Mkewe alijua karatasi katika nyumba ile haziishi. Watoto wangeifanya jalada la daftari, au upepo ungeipeleka kwa muuza mkaa akawashie moto. Akakoroga unga na maji kwenye kopo, akaupika ukawa gundi nzito. Alipoigeuza karatasi aliona maandishi ya kalamu, yamebanana, yameegemea upande mmoja, akadhani ni yale ambayo madaktari huandikiana wenyewe kwa wenyewe. Akayapaka gundi kutoka pembe hadi pembe, kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyependa kazi nusunusu. Akaibandika ukutani juu ya mkeka wa mumewe, akaisugua kwa kiganja mpaka hewa yote ikatoka.

"Hii haing'oki," alisema, amesimama mbali kidogo anaitazama.

Asubuhi na jioni Winchi alilala kifudifudi chini ya karatasi ile, mkewe akihesabu huku anakanyaga cherehani. Mlango ulibaki wazi kwa ajili ya mwanga, kwa hiyo muuza mkaa aliyaona yote.

"Jirani, mumeo anaogelea wapi bila maji?"

"Anavuka ng'ambo. Akifika atakuletea salamu."

Watoto wa mtaa wakamwita Mamba. Winchi alijifanya hakusikia, na siku nyingine aliwafungulia mdomo kama mamba wakakimbia wakipiga kelele. Wiki ya kwanza alikwenda chooni ameshika ukuta. Wiki ya tatu aliketi kula na watoto. Wiki ya nne maumivu yaliyokuwa yanamshika shavu la mguu yalipanda yakabaki kiunoni tu, na mkewe akaanza kumtuma ndoo ya maji, nusu, akimwangalia anavyochuchumaa, anavyoivuta karibu na tumbo, anavyogeuza nyayo.

"Umechuchumaa kama kuku wa mayai," alimtania.

"Kuku wa mayai halali njaa," alisema Winchi.

*

Msimamizi alikuja Alhamisi jioni, kofia yake ya kazi kwapani.

"Hamjambo humu, shemeji?"

"Hatujambo. Karibu kiti."

"Sikai. Jumamosi tunamwaga zege ghorofa ya tatu, na mashine imekufa tena. Tunapandisha kwa mnyororo wa watu, karai kwa karai. Nina watu thelathini na wawili. Nafasi ya kona ya ngazi haina mtu, na ile kona unajua mwenyewe ni ya nani."

"Daktari kasema wiki sita," alisema mke. "Hii ni ya nne."

"Simwombi abebe mfuko, shemeji. Anapokea, anapitisha. Kupokea na kupitisha hata bibi yangu anaweza."

"Basi mlete bibi yako."

Msimamizi alicheka, akaigeuza kofia mikononi. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mtu juu yake aliyemhesabia siku.

"Sikia. Jumatatu wanaandika majina ya mafundi wa plasta, kazi ya miezi mitano. Watakaoandikwa ni wale watakaoonekana Jumamosi. Mimi sikulazimishi, Winchi. Nimekuja kwa sababu ni wewe."

Alipoondoka, mke aliiacha cherehani, akamgeukia mumewe.

"Utasimamaje pale konani?" aliuliza mkewe.

"Kama nilivyofundishwa." Winchi alichukua beseni la nguo chafu, akalipokea kutoka kwa mtu asiyekuwepo, akageuza nyayo, akalipitisha kwa mwingine asiyekuwepo. Akafanya tena. "Unaona? Nyayo, mwili wote unafuata."

Alionekana kama anacheza na beseni, na mkewe akacheka bila kutaka. Baadaye alikuja kulijutia lile cheko kuliko maneno yote aliyowahi kusema.

*

Mnyororo una sheria zake. Karai haligusi ardhi, na hakuna anayetoka mstarini mpaka la mwisho lipande, maana zege halimngoji mtu. Anayetoka huitwa Bi Harusi mpaka jengo liishe. Winchi mwenyewe ndiye aliyelitunga jina hilo, miaka ya nyuma, kwa mtu mmoja mwenye busha.

Kona ya ngazi ilikuwa mbao mbili juu ya matofali, mguu mmoja ubao huu, mwingine ubao ule wa juu. Makarai ishirini ya kwanza Winchi aliinua nyayo, akageuka, akapitisha, akarudi. Ilimchukua muda wa pumzi moja zaidi ya wenzake. Chini yake makarai yakaanza kujikusanya, mtu ameshika mawili kwa pamoja.

"Winchi, umekuja kazini au harusini?" aliuliza wa chini yake. "Mbona unacheza?"

"Anangoja ngoma ikolee," alisema wa juu.

Kicheko kilipanda ngazi mtu kwa mtu, kama makarai yenyewe. Kutoka juu kabisa sauti ya msimamizi ikaita, "Nini huko konani?" Winchi akaacha nyayo zake pale zilipo, akasokota kiuno, akapokea, akasokota, akapitisha. Mnyororo ukaenda. Hakuna aliyecheka tena. Hakukuwa na aliyemlazimisha, na hilo ndilo alilolisema siku zote baadaye kila alipoulizwa.

Karibu na saa saba mchana alisikia kitu kimeteleza chini ya mgongo, taratibu, kama kitasa kinachofunguka. Joto likamshuka mguuni. Alipitisha karai lililokuwa mkononi, kwa kuwa lilikuwa mkononi. Alijiambia apitishe mawili tu; mawili yakawa kumi, kumi yakawa mia. Saa kumi, la mwisho lilipopanda, hakuwa na maumivu popote.

*

"Mama watoto, njoo uone."

Alikuwa amesimama mlangoni, zege mpaka kwenye nyusi. Akainama, magoti yamenyooka, akagusa vidole vya miguu kwa mikono yote miwili. Kisha akainuka anacheka.

"Hapaumi?" mkewe aliuliza.

"Hapaumi. Mnyororo umeninyoosha. Iambie hiyo karatasi yako."

Mkewe aliweka mkono wake kiunoni kwa mumewe, akabonyeza pale palipokuwa pakimtoa sauti wiki nne nzima. Kimya. Akamshukuru Mungu kwa sauti, na jioni ile aliwapikia vizuri, wakala wakiongea.

Jumapili Winchi alikaa chooni muda mrefu, akarudi, akaenda tena. Mkewe alidhani tumbo limemvuruga kwa mlo wa jana yake. Alisema mguu umelala kidogo. "Utaamka," alisema mwenyewe. Jumatatu msimamizi alituma salamu kwamba jina lake limeandikwa, na yeye akajibu anakwenda kesho, leo apumzike. Mchana mkewe alimkuta bombani anafua suruali yake. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona ameshika sabuni ya kufulia.

"Jirani," alisema muuza mkaa, "mume afuaye unampata wapi? Nielekeze na mimi niende."

Wanawake waliokuwa bombani wakacheka, na mkewe akacheka nao, ameona fahari kidogo. Alidhani maradhi yamemlainisha mumewe. Winchi hakuinua uso. Alisuuza mara tatu, akaianika nyuma ya nyumba, mahali pasipopita watu.

Jumanne asubuhi alisimama karibu na cherehani akitafuta shati la kazi. Mkewe aliona kitu kinang'aa chini ya unyayo alipoinua mguu.

"Ngoja. Keti."

"Nini?"

"Nipe mguu."

Ilikuwa sindano ya cherehani, iliyovunjika jana yake na kupotea sakafuni. Ilikuwa imezama mpaka karibu iishe. Damu ilikuwa imekauka kuizunguka, na vumbi juu ya damu. Aliishika kwa kucha, akaivuta polepole. Mumewe alikuwa anaongea juu ya shati.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia nini?"

Akamwonyesha sindano. Winchi aliitazama, kisha akautazama mguu kama wa mtu mwingine.

"Tangu lini?" mke aliuliza. Kisha akauliza polepole, "Baba watoto, ile suruali uliifulia nini?"

Winchi akageuza uso ukutani, kwenye ile karatasi.

"Yule binti aliandika," alisema. "Kule nyuma. Alisema nikwambie."

Mkewe alipanda kwenye mkeka bila kuvua viatu. Aliivuta karatasi kwa kucha, ikatoka kwa vipande vyembamba, rangi ya ukuta ikija nayo. Gundi yake ilikuwa gundi nzuri. Akachovya kitambaa majini, akalowanisha, akangoja, akabandua kidogo kidogo kama anayembandua mtoto bandeji, na maneno yakatoka nusu kwenye karatasi na nusu yamebaki ukutani, kinyumenyume. *Mgongo ukiacha kuuma ghafla.* Kisha mahali palipochanika. Kisha *unapokalia*. Kisha wino umesambaa. Mstari wa chini kabisa ulikuwa mzima, umepigiwa mstari mara mbili: *Usingoje kesho.*

*

Hospitali kubwa walimpasua siku hiyo hiyo. Daktari wa upasuaji alisema amefanya alichoweza, na kwamba mishipa ya fahamu haipendi kubanwa, kila saa ina bei yake. Aliuliza ni lini ganzi ilianza. Mke akasema Jumamosi. Daktari akaandika.

Yule binti wa raba alikuja wodini siku yake ya mapumziko. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akagusa miguu ya Winchi, akaandika. Walipotoka nje kwenye ujia, aliuliza kwa upole, "Mama, ile karatasi nyuma mliisoma?"

"Niliibandika."

"Uliibandika."

"Ukutani. Ili isipotee."

Binti alifumba macho kidogo. Angeweza kusema mengi, na mke alisimama akiyangoja. Lakini binti alisema tu, "Kosa ni langu. Ningeandika mbele," na mke akaona afadhali angemtukana.

Wiki ya pili nyumbani msimamizi alikuja na fomu ya fidia ya mkandarasi. Safari hii alikaa kiti. Mfuko wa mkojo ulikuwa umefunikwa na kitenge, na msimamizi alijitahidi kutazama kila mahali isipokuwa kitenge.

"Wanataka kujua alianguka kutoka wapi," alisema. "Fomu ni ya ajali. Kuna mahali pa kuandika urefu."

"Hakuanguka," alisema mke.

"Najua, shemeji. Ndiyo shida. Aliyepitisha karai hana mahali humu." Akakuna shingo. "Kule ofisini kumefika maneno kwamba alianguka ghorofa ya tatu. Sijui nani kasema. Mimi sikusikia, na sitabisha."

Mke alitazama nje. Muuza mkaa alikuwa anapima kopo, anaongea na mteja, mkono wake ukionyesha juu, juu zaidi, kisha ukishuka kwa kishindo. Alielewa sasa kwa nini mwanamke yule alikuwa akiisimulia ile ghorofa ya tatu kila siku. Kwenye mzaha wa bombani alikuwa wa kwanza, na kwenye hili alikuwa amejitolea ulimi wake, ili Winchi alipwe.

"Andika aliinama," alisema Winchi kutoka kitandani. "Na chini yake andika kwamba ile kona ya ngazi inataka ubao mpana, mtu aweze kugeuza nyayo. Wapo wengine pale."

Msimamizi aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaikunja fomu, akaitia ndani ya kofia, akasema atakuja siku nyingine.

*

Kila jioni walifanya kama binti alivyoelekeza. Mke aliketi miguuni pa mumewe na chaki yake ya kushonea. Alianza kwenye vidole, akabonyeza na kusugua, akapanda upana wa kidole kimoja kwa kila hatua, mpaka mume aseme "hapo". Pale aliposema hapo, alichora mstari. Binti alisema mstari ukishuka, hata kidogo, basi mishipa inaamka. Winchi hakuruhusiwa kuangalia, asije akajidanganya. Alitazama dari.

Ukutani juu yake palikuwa na alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta wote, na maandishi ya kinyumenyume ambayo hakuna aliyetaka kuyafuta.

Mke alisugua vidole kimoja kimoja. Akabonyeza unyayo, pale palipokuwa na sindano, kidonda kimeshapona. Akapita kisigino, akapita kifundo, akaanza kupanda shavu la mguu, kidole kwa kidole, kwa nguvu zake zote, mpaka viganja vikamuuma. Mstari wa jana ulikuwa chini ya goti. Akaufikia. Akabonyeza juu yake, akangoja. Akabonyeza tena.

Winchi alihema, macho yake bado darini.

"Anza basi, mke wangu," alisema. "Mbona leo unanichelewesha?"